Taa za breki zimekufa, kiwanda kinaliita gari, na mimi niko Mwanjelwa: naanzia wapi?

SaluniNaTurbo

Wakuu, habari za humu. Huu ni uzi wangu wa kwanza, miaka minne nimekuwa msomaji wa pembeni tu, kwa hiyo nikirefusha mnivumilie.

Nina gari dogo la spoti, mtumba wa Japani wa 2010, turbo, otomatiki, la kuwashia kitufe. Jina la kampuni silitaji, sitafuti ugomvi na mtu. Nimelinunua kwa pesa ya nywele. Nina saluni hapa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka wa kumi na moja huu nimesimama nasuka. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila gereji ninayoingia fundi anaongea na mdogo wangu wa kiume, ambaye hata leseni hana.

Mambo yalianza mwezi wa sita, baridi ya huku mnaijua. Asubuhi nakanyaga breki, nabonyeza kitufe, taa za dashibodi zinawaka, injini kimya. Nabonyeza tena, kimya. Mara ya sita au ya saba ndiyo inashika. Nikajisemea ni baridi. Wiki hiyo hiyo gia ikagoma kutoka P, ile ya kuegesha, pale Kabwe, saa ya jioni, bajaji zimejipanga nyuma yangu zinapiga honi kama kuna harusi.

Fundi wa kwanza akasema betri. Laki mbili na sitini. Siku tatu gari likatulia, ya nne tukarudi palepale. Fundi wa pili hata boneti hakufungua, akaniangalia miguuni: "Dada, breki unaikanyaga kwa kuionea huruma, ni hivyo viatu." Nilikuwa nimevaa raba.

Sasa Jumapili iliyopita naenda Mbalizi kwa mama. Mteremko wa Iwambi, ukungu haujaisha vizuri. Mbele yangu Fuso likakanyaga breki, na mimi nikakanyaga. Breki zenyewe niwe mkweli zinang'ata vizuri sana, gari lilitulia pale pale. Nyuma yangu ndiyo nikasikia honi ya upepo, ile ndefu ya malori. Kuangalia kioo, naona grili tupu. Kioo kizima grili. Sijui yule dereva alipitaje upande wa kulia bila kukutana na mtu, ila alipita, na chini kwenye tambarare akaweka pembeni akanisubiri.

Nilijua natukanwa. Hakunitukana. Akaniambia, "Dada, nyuma yako ni giza. Unasimama bila kuniambia." Akaenda nyuma ya gari, akaniambia kanyaga, achia, kanyaga. Hakuna. Kushoto hakuna, kulia hakuna, hata ile ya juu ya kioo hakuna. Akajaribu kuwasha sigara, kiberiti kikamshinda, mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye majani.

Mbele kidogo trafiki akaniandikia elfu thelathini. Halali yake, sina neno.

Jioni mpwa wangu akaingia mtandaoni akaniambia kiwanda kilishayaita magari ya aina hii yarudishwe kurekebishwa, tatizo ni swichi ya taa za breki, na wanabadilisha bure. Bure wapi? Mimi niko Mwanjelwa, gari limekuja kwa meli likiwa tayari limetembea kilomita elfu themanini na kitu. Je, huo wito unamhusu mtu kama mimi? Nitajuaje kama gari langu limo, na kama mwenye gari wa kule Japani hakulipeleka? Fundi wa tatu ameniambia niachane na hayo, ataunga waya moja kwa moja ili taa ziwake muda wote na trafiki asinisumbue tena. Elfu kumi na tano tu. Nimekataa kwanza, nimeliacha gari nyumbani, natembea kwa daladala.

Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kupitia hili.

---

Mnyalukolo_Mafinga

Kamwene mkuu. Pole kwa Iwambi, pale Mungu amekupenda.

Ila tuambizane ukweli. Mtumba ni mtumba, umenunua na magonjwa yake. Huo wito ni wa wenye magari mapya huko kwao, wanapigiwa simu, wanapewa na kahawa wakisubiri. Sisi huku Mafinga mtu ana gari halina hata breki ya mkono, anaweka gogo. Badilisha swichi, maisha yaendelee. Halafu mkuu, gari la spoti, otomatiki ya nini?

---

SaluniNaTurbo

Mimi ni dada, siyo mkuu. Na ni otomatiki kwa sababu mguu wa kushoto nimesimamia nywele za watu kuanzia saa moja asubuhi, jioni nataka upumzike.

---

Mnyalukolo_Mafinga

Aisee samahani dada. Nimenyamaza.

---

FundiUmeme_Soweto

Dada, pole. Mimi ni fundi umeme wa magari, niko hapa hapa Mbeya, gereji yangu siitaji nisije nikaonekana najitangaza. Acha nikueleze kitu kimoja kimoja maana humo ndani kuna mambo matatu umeyachanganya na mafundi wako wamekuchanganya zaidi.

Kwanza breki na taa za breki ni vitu viwili. Breki zako zinafanya kazi kwa mafuta ya breki na pampu, hazijali umeme wa taa. Ndiyo maana gari lilisimama vizuri. Taa zinawashwa na swichi ndogo iliyofungwa juu ya pedeli, ukiingiza kichwa chini ya usukani utaiona, ukubwa wake kama kidole gumba, ina soketi ya waya nyuma. Ukikanyaga, ncha yake inatoka na mawasiliano yanaunganika ndani.

Sasa swichi hiyo hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari kwamba mguu uko kwenye breki. Gari la kitufe haliwaki mpaka lisikie hivyo. Gia haitoki P mpaka isikie hivyo. Kwa hiyo kitufe kugoma, gia kugoma na taa kufa ni ugonjwa mmoja, na ulikuwa unakupigia hodi tangu mwezi wa sita. Aliyekuuzia betri alitakiwa aone hilo. Taa zote tatu zikifa kwa pamoja huanzi na balbu, balbu tatu haziungui siku moja. Unaanza na fyuzi, kisha swichi. Ukiwa na mita ni dakika tano: umeme unaingia kwenye swichi, unakanyaga, unapima kama unatoka upande wa pili. Usipotoka, umempata.

Jina la gari lako sitaki kubahatisha. Ila ugonjwa huu unajulikana. Mwaka 2019 Subaru waliita zaidi ya magari milioni 2 duniani kwa sababu ya swichi ya taa za breki, na chanzo chake ukikisikia utacheka: silikoni. Mvuke wa silikoni unaotoka kwenye dawa za kung'arishia dashibodi, vipodozi, vitu vya nywele, unaingia kwenye swichi. Cheche ndogo inayopiga kila ukikanyaga inaugeuza kuwa tabaka jembamba gumu, jamii ya kioo, juu ya vile vyuma vya kugusana. Kioo hakipitishi umeme. Siku nyingine vinagusana vizuri, siku nyingine hapana, ndiyo maana mara ya sita gari linawaka.

Kwa hiyo mambo ya kutofanya: usikubali mtu apulizie dawa ya kulainisha kwenye swichi hiyo, nyingi zina silikoni humo humo, utakuwa unamnywesha mgonjwa sumu. Na huo mpango wa kuunga waya, huyo fundi mwambie aunge kwake.

Swichi tafuta mpya, orijino, kwa namba ya spea. Yuzidi, yaani iliyokwisha kutumika, usichukue, utanunua ugonjwa ule ule uliokaa kwenye gari lingine. Na anayefunga awe anajua kuirekebisha: ikisogezwa mno mbele inaizuia pedeli kurudi mpaka mwisho, breki zinabaki zimeshika kidogo kidogo, na kwa milima yetu hii utafika Mbalizi magurudumu yananuka.

---

SaluniNaTurbo

Fundi, umesema vitu vya nywele?

---

FundiUmeme_Soweto

Ndiyo dada. Hasa zile dawa za kupuliza na yale mafuta ya kung'arisha.

---

SaluniNaTurbo

Kiti cha nyuma cha gari hilo kimekuwa stoo yangu miaka miwili. Kila Jumatatu natoka nazo sokoni Sokomatola, katoni za mafuta ya kung'arisha, za dawa za kupuliza, na zipo ambazo huwa zinavuja. Juu ya hapo kila Jumamosi vijana wananioshea, wanapuliza dashibodi mpaka inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, wanafunga vioo "ili dawa ikolee".

Ngoja ninyamaze kidogo.

---

MzeeWaKitonga

Mwanangu, nimeendesha tela Dar mpaka Tunduma miaka 22, sasa nimestaafu niko Ilula na nyanya zangu. Nataka niseme juu ya hilo la kuunganisha waya taa ziwake muda wote, maana naona wengi humu wanalichukulia kuwa ni la trafiki tu.

Unaposhuka mlima wa Kitonga na tani thelathini mgongoni hauko na breki nyingi za kuchezea. Gia ndogo, injini inazuia, mguu unagusa kidogo kidogo. Kinachokusaidia ni gari la mbele yako. Taa zake zikiwaka unajua anapunguza, zikizima unajua ameachia, na wewe unapanga mguu wako kwa huyo. Ukikaa nyuma ya mtu ambaye taa zinawaka mwanzo wa mlima hadi mwisho, kona ya tatu macho yanazizoea, huzioni tena. Siku anasimama kweli, kwako wewe hakuna kilichobadilika. Afadhali hata yule wa giza, unamwogopa unakaa mbali.

Huyo dereva aliyekuja nyuma yako Iwambi alikuwa mtu mzima. Wengine wangepita na kukuacha.

---

Igawilo_Classic

Dada, la namba nikusaidie mimi, nililipitia mwaka jana kwa gari langu.

Chukua kadi ya gari, soma namba ya chesisi, kisha ilinganishe na ile iliyogongwa kwenye bati la gari lenyewe. Magari yaliyouzwa Japani kwa matumizi ya huko yana namba fupi: herufi za modeli, kistari, halafu tarakimu. Mpwa wako akiiweka kwenye tovuti ya Marekani itakataa, wale wanataka tarakimu na herufi 17. Anatakiwa aingie tovuti ya kampuni ile ile lakini ya Japani kwenyewe, ukurasa wa wito wa magari, aingize herufi sehemu moja na tarakimu sehemu nyingine. Ni Kijapani kitupu, simu itamtafsiria. Itamwonyesha gari hilo limeitwa kwa mambo gani, na lipi halijafanywa. Piga picha ukurasa huo.

Ukiwa hapo hapo angalia na mfuko wa hewa. Mifuko ya Takata, kampuni ya Japani, iliwekwa kwenye magari ya kampuni nyingi sana za Japani na hata za Ulaya na Marekani miaka hiyo, na ile baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu, siku ya ajali inarusha vipande vya chuma usoni. Takata yenyewe ilifilisika 2017 lakini mifuko bado imo kwenye magari ya watu. Sisi wa Igawilo baridi inatusitiri kidogo. Gari lililoshinda Kyela au Dar miaka kumi, hilo la kuliangalia haraka.

Na kaka wa Mafinga, wito si wa magari mabovu ya wanyonge. Mustang, gari la spoti la Ford, za 2020 za otomatiki, zingali mpya kabisa, ziliitwa Marekani kwa sababu kibano cha pedeli ya breki kingeweza kuvunjika mtu akikanyaga kwa ghafla. Pedeli yenyewe, siyo taa!

---

Mnyalukolo_Mafinga

Nilishasema nimenyamaza.

---

KijanaWaForest

Je hilo la bure sasa? Hapo ndipo dada alipouliza, naona wote mnapazunguka.

---

FundiUmeme_Soweto

Kweli. Bure ipo kwenye mtandao wa kiwanda, yaani wauzaji wake rasmi. Gari ulilojiletea mwenyewe kupitia wauza mitumba, mara nyingi gharama inakuangukia wewe. Lakini usijihukumu kabla ya kuuliza. Andika kwa maandishi, weka namba ya chesisi na ile picha, uliza mambo mawili: kama watalifanya, na kama hawalifanyi, wakupe namba sahihi ya swichi iliyoboreshwa. Hata wakikataa la kwanza, la pili peke yake ni mali, maana madukani utapewa swichi ya zamani iliyokaa rafuni. Na upande wa serikali, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na kumlinda mlaji, na bidhaa zenye hatari zimo kwenye Sheria ya Ushindani ya 2003. Sikuahidi kitu huko, nakuambia mlango uko wapi.

Swichi ni kitu cha bei ndogo dada. Usikae na gari limesimama ukisubiri haki ya kitu cha laki moja. Funga kwanza, dai baadaye.

---

SaluniNaTurbo

Wapendwa, nimerudi, wiki mbili zimepita. Mlioniandikia pembeni mnisamehe, ilikuwa msimu wa maharusi.

Namba ilikubali. Mpwa wangu aliingiza tukiwa tumekaa kwenye ngazi za saluni, wateja wawili wana dawa kichwani wanachungulia na wao. Gari langu limeitwa mara mbili. Mfuko wa hewa wa abiria, huo umeshabadilishwa kule kule, nikashukuru. Swichi ya taa za breki, wito huo haujafanywa. Yaani yule Mjapani aliitwa, hakwenda, akaliuza, likavuka bahari likaja kunisubiri Iwambi.

Niliandika kama fundi alivyosema. Jibu lilikuja siku ya nne, la heshima kabisa: bure haipo kwa gari lililokuja kwa njia yangu, ila namba ya swichi hii hapa. Nikaipeleka kwa mtu wa spea Dar, ikaja kwa basi la usiku, jumla na usafirishaji elfu tisini na tano. Nikaenda nayo kwa fundi wa Soweto, ambaye ni wa humu, na naomba niseme mbele za watu: aliongea na mimi. Mdogo wangu alikuwepo, alitumwa maji.

Alinionyesha ile ya zamani. Aliipasua kwa bisibisi, ikafunguka kama karanga. Vile vyuma vya ndani, ambavyo vingetakiwa kung'aa, vina doa jeupe, kama ukungu wa glasi iliyokauka bila kufutwa. Nikalikwangua kwa ukucha, na kucha zangu ni za kazi, halikutoka. Laki mbili na sitini za betri, elfu thelathini za trafiki, na roho ya mtu mzima na tela lake, vyote kwa sababu ya doa ambalo hata kwenye kioo cha saluni nisingeliona.

Kosa ni la mafuta yangu au la vijana wa kuosha? Nilimuuliza fundi, akasema hawezi kujua, akacheka. Mume wangu yeye anajua, ameshaamua, na anawasimulia watu. Katoni sasa zinakuja kwa bajaji.

Kuhusu FCC, nimeandika barua, nimeambatanisha picha zote, nimeipeleka. Sijajibiwa, siku zenyewe bado chache. Nikijibiwa nitaweka hapa hapa.

Kwa wenye magari ya namna hii, nawaachia kitu kimoja nilichojifunza kwa yule dereva wa lori. Alfajiri kabla sijatoka, narudi nyuma mpaka karibu na ukuta, kungali na giza, nakanyaga, naangalia kioo. Ukuta wangu ni mweupe. Ukigeuka mwekundu, natoka.

Mzee wa Kitonga, shikamoo. Nilipita Iwambi jana, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilikuwa na lori nyuma, sijui la nani. Nilipokanyaga lilibaki mbali.

Halafu Jumamosi nilikwenda kuosha. Kijana akaja na chupa yake ya kupuliza, nikamwambia weka chini hiyo, leo dashibodi ni kitambaa na maji tu, na milango uiache wazi. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, umefulia?"

---

MzeeWaKitonga

Marahaba mwanangu. Nimecheka mpaka nyanya zimenimwagikia.